MATEMBEZI YA JAMAA: Ziwa Rutamba na Samaki Wake



Walimu wa upande wa Kilangala wametuomba tuwaandikie habari za mahali pa kuwapeleka watoto siku moja ya mapumziko, mahali penye maji matamu, penye kuvua kwa ndoana, na penye njia za kutembea chini ya miti. Wengi hudhani ya kuwa mahali pa namna hiyo pako kaskazini tu, kwenye mbuga zenye majina makubwa, ambako magari ya wageni hupita asubuhi na jioni. Lakini sisi watu wa Lindi tunalo ziwa letu, nalo ni Rutamba, ambalo vitabu vya zamani huliandika Lutamba. Liko magharibi ya mji wa Lindi, kadiri ya kilometa 40, yaani maili 25, upande wa chini wa nyanda za Rondo. Wala si maji matupu. Ndani yake mna kiumbe ambacho wataalamu wa dunia walikuwa hawakijui kuwa kiko huku mpaka juzijuzi, na kwa ajili yake hasa tumeshika kalamu mwezi huu.

Kwanza habari za safari. Wakati ulio bora ni kiangazi, tangu Juni hata Oktoba. Kwetu mvua ni ya msimu mmoja mrefu, huanza Novemba au Desemba na kukoma Mei. Katika miezi hiyo njia ya udongo huwa utelezi, na maji huwa ya matope, hayaonyeshi kitu. Mwalimu na apeleke habari mbele kwa wakubwa wa kijiji na kwa walinzi wa msitu, maana kuingia kimya kimya na watoto arobaini si adabu, tena mwaweza kurudishwa njiani. Chakula mchukue kutoka nyumbani, na maji ya kunywa yaliyochemshwa. Maji ya ziwa yasinywewe, wala watoto wasiachwe kuoga na kucheza pembeni penye majani, kwa sababu ya kichocho, ambacho mdudu wake hukaa ndani ya konokono wa maji yaliyotulia. Mama mwenye watoto wadogo aweza kuona maneno haya ni ya kumtisha; basi na awaonyeshe ziwa kutoka ukingoni, yatosha.

Karibu na ziwa uko msitu wa Litipo, nao ni msitu wa hifadhi. Umekaa kati ya Rutamba na ziwa dogo la pili liitwalo Tandangongoro. Ukubwa wake wapata kilometa za mraba 10 tu, na mtu mwenye miguu mizima aweza kuuvuka kabla jua halijawa kali. Lakini msitu haupimwi kwa miguu. Katika miaka ya 1934 na 1935 Mjerumani mmoja, jina lake Schlieben, alikaa pande hizi akikusanya mimea, na majani na maua aliyoyakausha yamewekwa katika nyumba za elimu za Ulaya, nayo yameandikwa jina la ziwa Lutamba. Kwa hiyo mwanafunzi wa mimea wa Ulaya aweza kulijua ziwa hili, na mtoto aliyezaliwa Lindi asilijue. Kadhalika na mifupa ya Tendaguru, iliyochimbwa tangu mwaka 1909 hata 1913 na kuchukuliwa kwa vichwa vya wapagazi mpaka Lindi, kisha Berlin. Huko watu hulipa ili waione. Twaona si vibaya kwamba wageni walikuja kujifunza. Lakini ni ajabu kidogo kwamba sisi wenyewe huja nyuma.

Usiku katika msitu huu hulia komba mdogo sana, uzito wake kama gramu 60, yaani kama yai moja la kuku. Huitwa komba wa Rondo, na jina lake la kitaalamu alipewa mwaka 1997. Mkia wake wafanana na brashi ya kusafishia chupa. Hapatikani popote duniani ila katika misitu michache ya Tanzania karibu na pwani. Mgeni wa mchana hatamwona, maana wakati huo amelala. Lakini mwalimu awaambie watoto kwamba yuko juu ya vichwa vyao, nao watatembea kwa utulivu zaidi kuliko wakikemewa. Njia za msituni ni nyembamba. Mtangulizi awe mwenyeji, watoto wafuatane mmoja mmoja, na mwalimu awe wa mwisho. Panga liachwe nyumbani.

Watoto watataka mtumbwi. Haya, lakini kwa kiasi. Mtumbwi wa gogo hauna mkuku, na mtu asimamaye ndani yake pasipo kuzoea huupindua upesi. Yafaa kumwomba mvuvi mwenyeji awachukue wawili wawili, nao wakae chini kabisa, magoti yamekunjwa, mikono ndani. Palipo na kina kidogo mvuvi husukuma kwa upondo. Penye kina hushika kafi. Mwacheni mtoto mkubwa apige kafi upande mmoja tu, aone jinsi mtumbwi unavyozunguka, ndipo ajue ya kuwa kafi ni usukani pia. Upo wa kukumbia maji usisahauliwe. Tena mwulizeni mvuvi habari za mamba na viboko kabla ya kutia mguu majini. Jambo hili mwenyeji ndiye alijuaye, naye akisema upande fulani hatuendi, maneno yamekwisha. Ni vema kurudi ukingoni kabla ya adhuhuri, maana upepo wa kusi huzidi mchana, na ziwa lililokuwa kama kioo huanza kuchafuka.

Sasa twaja kwenye kuvua, na hapo ndipo penye neno letu kubwa.

Kuvua kwa mshipi na ndoana ni kazi ya subira, kwa hiyo yawafaa watoto, na baba zao zaidi. Injili yatuonyesha wanafunzi wa Bwana wakivua kwa nyavu mara nyingi, bali kwa ndoana twasoma mara moja tu, Petro alipotumwa na Bwana kwa ajili ya kodi ya hekalu. Katika nchi nyingi watu humwita perege samaki wa Mtakatifu Petro, kwa kuwa samaki wa jamaa hiyo wamo katika ziwa la Galilaya hata leo. Basi mtoto avutaye perege wa Rutamba ashika ndugu wa mbali wa samaki ambao mitume waliwajua. Uvuvi wetu waongozwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, hivyo mwulizeni afisa wa uvuvi kabla hamjatupa mishipi yenu. Utupa na sumu nyingine zisitajwe kabisa, wala chandarua cha kitanda kisifanywe wavu, maana hukokota hata vitoto vya samaki visivyojaza kijiko.

Perege ana tabia moja ipasayo kusimuliwa katika kila nyumba. Dume huchimba shimo katika mchanga, mahali pa maji machache, akichota mchanga kwa kinywa chake na kuutema kando, mpaka shimo liwe kama sinia. Jike huja, hutaga mayai, kisha huyachukua yote kinywani mwake. Humo hukaa mpaka yaanguliwe, na siku hizo mama hali ila kidogo sana, au hali kabisa. Watoto wakianza kuogelea hutoka na kumzunguka, na adui akitokea hukimbia na kurudi kinywani mwa mama yao. Mwenye macho mazuri aweza kuyaona mashimo ya madume karibu na ukingo, maji yakiwa safi. Watoto na waonyeshwe, lakini wasiyakanyage.

Sasa, perege si aina moja. Mwaka 1955 mtaalamu wa Kiingereza, bibi Rosemary Lowe, aliandika habari za aina moja akaipa jina la Korogwe, kwa sababu ya samaki wa mto Pangani mahali pale. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani ya kuwa perege wa Korogwe ni wa upande wa kaskazini tu. Kisha katika miaka ya 2013 hata 2016 watu wa utafiti walifika kusini na kuvua katika maziwa yetu, nao wakamkuta Rutamba, na tena katika Nambawala na Mitupa. Kutoka huku mpaka mto Zigi, huko Tanga, ni zaidi ya kilometa 500, wala hapana mto mmoja uunganishao nchi hizi mbili. Wakajiuliza: je, kuna mtu aliyewachukua katika mtungi na kuwaleta huku? Waliwapima miili, wakachungua na urithi wa damu yao, yaani zile alama zilizo ndani ya mwili ambazo mzazi humpa mtoto. Habari zao zilichapishwa mwaka 2021, na wenye kazi hiyo walikuwa Watanzania pamoja na Waingereza. Jibu lao ni kwamba hakuletwa na mtu. Perege wa kusini na perege wa kaskazini walitengana yapata miaka 140,000 iliyopita. Samaki wa Rutamba ni wa huku, na namna yake haipatikani ila katika maji ya kusini.

Laiti habari ingekoma hapo! Lakini uchunguzi huo huo ulionyesha jambo la pili. Katika maziwa hayo matatu amekwisha kuingia sato, ambaye ni perege wa mto Nile. Sato ni mkubwa zaidi, hukua upesi, na kwa sababu hiyo wanadamu wamemchukua karibu dunia nzima kumfuga katika mabwawa. Mwamtambua kwa mkia wake: una mistari mingi membamba ya kusimama, imepangwa kama mistari ya kanga. Naye amezaa pamoja na perege wa Korogwe. Nyumbu wa kupanda, mtoto wa punda na farasi, huwa tasa, kwa hiyo mchanganyiko wao hukoma naye. Machotara wa perege si tasa. Huzaa, na watoto wao huzaa, na kila kizazi damu ya mwenyeji yazidi kupungua.

Hili ndilo tulilotaka msomaji alishike, kwa kuwa ni gumu kuonekana. Tumezoea kufikiri kwamba kiumbe hupotea kwa kuuawa: tembo kwa bunduki, mti kwa shoka. Huyu aweza kupotea na kikapu cha mvuvi kimejaa kila siku. Mama ajuaye kupika atatuelewa. Tia kikombe cha maji katika tui la kasimile, kesho kikombe kingine, na kesho kutwa tena. Chungu hakipungui hata kidogo, bali tui limekwisha. Siku ya mwisho hakuna atakayelia, maana soko litakuwa na samaki kama jana. Wala mvuvi hawezi kulaumiwa kwa kutoona, kwa sababu chotara wengi hawatambulikani kwa macho. Hata wataalamu walihitaji kupima ile damu ya urithi.

Wengine watasema jambo hili ni hofu ya wenye vitabu. Basi na watazame Ziwa Viktoria. Mwaka 1928 Mwingereza Michael Graham aliandika habari za ngege, perege mwenyeji wa ziwa lile, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa samaki wa chakula kuliko wote. Nyavu zilimpunguza sana. Katika miaka ya 1950 wakaletwa sato na sangara. Hatusemi sato peke yake ndiye aliyemmaliza ngege, maana nyavu zilitangulia na sangara ni mlafi. Lakini katika ziwa kubwa ngege alikaribia kutoweka kabisa, na sato akakaa mahali pake. Na ngege aliponea wapi? Katika maziwa madogo ya kandokando, kama Kanyaboli huko Kenya, ambayo watu waliyadharau kwa udogo wake. Ziwa dogo limehifadhi kile ambacho ziwa kubwa limekipoteza. Rutamba nalo ni ziwa dogo.

Lakini liko neno la baba mwenye watoto sita, nalo si la kudharauliwa. Atasema, "Bwana mwandishi, sato ni mkubwa, ashibisha. Mimi sili jina la samaki, nala samaki." Ni kweli, na mtu mwenye njaa asihubiriwe habari za miaka 140,000. Tena si dhambi kufuga sato katika bwawa. Mabwawa yamewasaidia watu wengi, na katika nyumba za Wakristo yamekuwa msaada wa ada na wa kitoweo. Tusemalo ni kwamba bwawa liwe bwawa na ziwa liwe ziwa. Perege wa Rutamba amekaa katika maji yale, amestahimili ukame wake na joto lake na magonjwa yake, vizazi visivyohesabika, pasipo mtu kumlisha. Siku moja wafugaji wa samaki watatafuta mbegu ivumiliayo joto au ugonjwa fulani, nao hawataweza kuitafuta kwa sato aliyefanana dunia nzima. Wataitafuta katika maziwa kama haya, ikiwa bado imo. Mkulima wa mtama ajua jambo hili: hatupi mbegu ya babu yake kwa sababu amepewa mbegu mpya ya kuzaa sana, huiweka juu ya moshi wa jiko.

Kwa hiyo mwenye bwawa asilichimbe karibu na kijito kiingiacho ziwani, wala mahali ambapo maji ya masika hufurika na kufanya bwawa na mto kuwa kitu kimoja. Afunge wavu kwenye mfereji wa kutokea maji. Wengine hununua vifaranga vya kiume vitupu, nalo ni jambo jema kwa mfugaji, kwa sababu bwawa halijai vitoto vingi vidogo. Lakini asitegemee hilo peke yake, maana dume mmoja akitoroka atapata majike ziwani. Zaidi ya yote, mtu asichukue samaki hai katika ndoo kutoka bwawa hili kwenda ziwa lile, hata kwa nia njema ya kuongeza chakula cha watu. Huruma ya namna hiyo imeleta hasara katika maziwa mengi. Watoto nao waambiwe: kisamaki kilichowekwa katika kopo kwa kutazamwa kirudishwe palepale kilipotolewa, kisichukuliwe nyumbani na kumwagwa katika maji mengine.

Je, mwalimu afanye nini na watoto wakiwa Rutamba, zaidi ya kula maandazi? Kila samaki atakayevuliwa na awekwe juu ya jani kubwa, atazamwe mkia. Wenye mistari ya kanga wahesabiwe peke yao, na wasio nayo peke yao, na hesabu iandikwe katika daftari pamoja na tarehe na mahali. Hesabu hii haitawaonyesha chotara, kama tulivyokwisha kusema, lakini itawazoeza watoto kutazama kwanza kabla ya kusema. Shule ikienda kila mwaka kiangazi kile kile, na daftari likitunzwa, baada ya miaka kumi itakuwa na habari ambazo huenda hazimo katika kitabu chochote. Wala kazi hii haihitaji fedha.

Na iko kazi ya pili, ambayo ni ya wakubwa. Katika Kitabu cha Mwanzo Adamu aliwapa majina wanyama na ndege. Wasomaji waangalifu wameona ya kuwa samaki hawatajwi pale. Yamkini kazi hiyo tuliachiwa sisi. Wazee wa Kimwera na wengine waliovua katika Rutamba kabla sato hajafika walikuwa na majina ya samaki wao, nao waliwatofautisha kwa rangi, kwa mapezi, kwa utamu, na kwa wakati wa kutaga. Jina la Korogwe ni la kigeni kwa ziwa letu. Kila mwalimu atakayekwenda, na kila msomaji mwenye babu au bibi wa pande zile, amwulize: perege wa zamani wa Rutamba mlimwitaje, na mlimtambuaje? Majina hayo, pamoja na jina la kijiji na umri wa mzee aliyeyataja, yaleteni kwa mwandishi wa ukurasa huu kabla ya mvua kuanza, nasi tutayachapa yote, hata yakipingana.